Jinsi umeme wa upepo Kinangop ulivyozimwa kabla ya kuwaka

KWA mkazi wa Kahawa Sukari, mtaa ulio kando ya barabara kuu ya Thika jirani na Chuo Kikuu cha Kenyatta, umeme ni nambari anazobonyeza kwenye mita baada ya kununua tokeni. Unakotoka, aghalabu hana habari. Lakini ng'ambo ya safu ya milima ya Aberdare, katika uwanda wa juu wa Kinangop, kuna kisa kinachomhusu.

Hapo ndipo kampuni ya Kinangop Wind Park ilipokusudia kusimika mitambo 38 ya upepo na kuzalisha megawati 60.8, kwa gharama ya takriban dola 150 milioni. Wafadhili walikuwepo, mitambo iliagizwa kutoka General Electric, na upepo wa kule hauhitaji kutafutwa. Hata hivyo, Februari 2016 wenye mradi walitangaza kuuacha, wakisema fedha zilikuwa zimekwisha kutokana na ucheleweshaji uliosababishwa na maandamano ya wakazi. Mwaka mmoja kabla ya hapo, mtu mmoja alikuwa ameuawa katika purukushani hizo.

Ilisemwa wakati huo kwamba wakulima walipotoshwa na uvumi kuwa mitambo ingeleta maradhi na kudhuru mifugo. Uvumi ulikuwepo, na wanasiasa hawakukosa kuupepea. Lakini kulaumu uvumi pekee ni kukwepa jambo. Kinangop ni nchi ya mashamba madogo ya viazi, kabichi na ng'ombe wa maziwa, na familia nyingi zilipata ardhi hiyo kupitia miradi ya makazi iliyofuatia kuondoka kwa walowezi. Mtu wa aina hiyo akiambiwa mnara utasimama jirani na boma lake, huuliza kwanza kama atahamishwa na nani atalipwa. Asipojibiwa kwa namna anayoiamini, hujijibu mwenyewe. Isitoshe, Kinangop hiyo hiyo ndiyo yenye bwawa la Sasumua, ambalo maji yake huteremshwa hadi Nairobi. Si ajabu mwenyeji kutilia shaka mradi mwingine unaochukua kitu milimani na kukipeleka mjini.

Milima ya Ngong haikuwa na kikwazo kama hicho. Mitambo ya kwanza ilisimikwa huko mwaka 1993 kwa msaada wa Ubelgiji, na KenGen ikapanua kituo hicho hadi megawati 25.5. Hicho ni kiasi kidogo.

Mradi mkubwa ni ule wa Ziwa Turkana huko Loiyangalani, wenye mitambo 365 na megawati 310. Huu ulijengwa ukakamilika, ila laini ya kusafirisha umeme hadi Suswa ikachelewa, na mitambo ikakaa hadi Septemba 2018 ndipo ikaunganishwa na gridi. Kwa mujibu wa mkataba, serikali ilipaswa kulipia umeme ambao haukumfikia yeyote. Deni likawa mabilioni ya shilingi, na sehemu yake ikaingizwa katika bei ya umeme. Hapo ndipo mkazi wa Kahawa Sukari alipoguswa mfukoni, bila kujua. Halafu mwaka 2021 mahakama ya Meru ikaamua kuwa hatimiliki za ardhi ya mradi huo, ekari 150,000, zilipatikana kinyume cha utaratibu. Ardhi tena.

Kuna mfano tofauti Kajiado. Mradi wa Kipeto, wa megawati 100, ulianza kazi rasmi 2021 katika ardhi iliyokodishwa kutoka kwa familia za Wamaasai. Wenye ardhi hulipwa, na mifugo wao huendelea kulisha chini ya mitambo.

Lakini hayo yalitokana na makubaliano ya mradi mmoja, wala si sheria. Sheria ya Kawi ya 2019 imeweka mrabaha kwa umeme wa mvuke wa ardhini na kuugawa: asilimia 75 kwa serikali kuu, 20 kwa kaunti na 5 kwa jamii ya mahali hapo. Kwa upepo, sheria hiyo haikuweka mgao kama huo. Mwekezaji atakayerudi Kinangop atalazimika kuanza mazungumzo upya, boma kwa boma, na wakulima wanaokumbuka vyema yaliyotokea 2015.