Mgonjwa Akiulizwa Hali, Asijibu Salamu

Tarehe 11 Aprili ya kila mwaka huadhimishwa duniani siku ya ugonjwa wa Parkinson. Ndiyo tarehe aliyozaliwa James Parkinson, tabibu wa London ambaye mwaka 1817 alitoa kijitabu kuhusu wagonjwa sita, akayaita maradhi yao kupooza kwa kutetemeka. Baadaye katika karne hiyo hiyo, Jean-Martin Charcot, bingwa wa neva wa Ufaransa, alilipinga jina hilo kwa hoja iliyo wazi: wako wagonjwa wasiotetemeka kamwe. Akapendekeza ugonjwa uitwe kwa jina la Parkinson.

Sisi wasemaji wa Kiswahili tungali tunausema kuwa ni "ugonjwa wa kutetemeka", na jina hilo latuponza. Katika vichochoro vya Mji wa Kale, Mombasa, mzee anayeburura mguu, ambaye uso wake umeganda na sauti imefifia, haambiwi aende kwa daktari maadamu mkono wake umetulia. Huambiwa ni uzee, au hudhaniwa amenuna, au husomewa. Miaka hupita hivyo.

Inapopatikana miadi ya kwanza kwa bingwa wa neva (na mabingwa hao ni wachache, wengi wao wakiwa Nairobi), jamaa hushughulikia nauli, ada, na swali la ni kipi kitakacholipiwa na SHA, iliyochukua nafasi ya NHIF mnamo Oktoba 2024. Hayo ni ya lazima. Hata hivyo, hakuna kipimo cha kawaida cha damu kinachouthibitisha ugonjwa huu. Daktari hutegemea maelezo ya mgonjwa na kuutazama mwili wake. Kwa hiyo maneno ndiyo kipimo, na hayo ndiyo tusiyoyaandaa.

Chukua swali la kwanza: "Mama, u hali gani?" Mama wa Kimvita aliyelelewa kwa adabu atajibu, "Alhamdulillahi, njema." Hakusema uongo; amejibu salamu, kwani kwetu swali hilo ni salamu. Daktari naye huenda akaliandika jibu kama habari ya afya. Yafaa mzazi aelezwe mapema, kwa upole, kwamba mle chumbani swali hilo huulizwa ili lijibiwe.

Kisha kuna vitenzi. Kutetemeka ni kwa baridi, kwa hofu, kwa homa na kwa maradhi haya, kitenzi hakibagui. Daktari ataka kujua iwapo mkono hutetemeka umelala pajani au unaponyanyua kikombe cha kahawa, maana mtetemeko wa Parkinson aghalabu huonekana mkono ukiwa umepumzika. Vivyo hivyo "mwili mzito": je, ni uchovu, ni viungo kukaza, au ni mwendo uliopungua kasi? Mifano hufaa kuliko majina: kufunga vifungo vya kanzu huchukua muda gani sasa, na kuinuka kutoka sijida kukoje?

Ushahidi mwingine umo nyumbani. Mwandiko wa mgonjwa huweza kusinyaa. Barua ya zamani, hata iwe ya hati za Kiarabu, ilinganishwe na aliyoiandika juzi. Kutosikia harufu ya udi au asumini, kufunga choo, na kupiga mateke usingizini huweza kutangulia dalili nyingine kwa miaka. Mambo ya choo, hata hivyo, huvikwa tafsida, na mama hatayataja mbele ya mwanawe wa kiume. Aandamane na binti, au aachwe peke yake na daktari kwa muda.

Dawa zote zibebwe, pamoja na za mitishamba. Baadhi ya dawa za kuzuia kutapika na za maradhi ya akili huweza kuleta dalili zinazofanana na Parkinson. Zisiachwe kabla ya kumwuliza daktari. Na upupu, ule ule unaowasha watoto porini, mbegu zake zina levodopa, ambayo ndiyo dawa kuu ya ugonjwa huu tangu miaka ya 1960. Anayepewa unga wake kwa siri anampotosha daktari. Aulizwe pia habari ya saumu, kwa kuwa levodopa hunywewa kwa saa maalumu.

Katiba ya mwaka 2010, kifungu cha 7, inakifanya Kiswahili kuwa lugha ya taifa na lugha rasmi pia. Hospitali za umma, nyingi zikiwa chini ya kaunti tangu mwaka 2013, zingali na fomu nyingi za Kiingereza. Ukurasa mmoja wa maswali kwa Kiswahili, mgonjwa akaujaza nyumbani pamoja na wanawe, haungegharimu zaidi ya karatasi. Wanafunzi wetu wa isimu wanaotafuta mada za utafiti wangeweza kuanza kwa kukusanya, mtaa kwa mtaa kuanzia Kibokoni hadi Kuze, maneno ambayo wazee huyatumia kueleza mkono usiowatii.