Nani analipa pineu?

Ulaya, mwenye gari la mbio hachezi uwanjani bila kuchunguza pineu na janti. Anajua kama kila pineu inashika barabara kwa sehemu ndogo tu, kama kiganja cha mkono. Yeye anaenda kujifurahisha. Sisi wachimbaji tunaenda kutafuta mkate, tunapanda Fuso Bukavu mpaka Kamituga, tukikaa juu ya magunia, na hakuna anayeinama kuangalia.

Tuiname basi. Pembeni ya pineu, mwisho wa alama ya DOT, iko namba nne: 2314 ni juma la 23, mwaka wa 2014. Mpira ukizeeka unakauka na kupasuka, hata kama meno yangali yapo. Na pineu ya okazyo iliyochongwa meno kwa kisu si mupya, imepunguzwa unene.

Kuna mapatroni wanaokata bei ya pineu kwenye mshahara wa shofere. Ndiyo maana shofere anaitumia mpaka waya zinatoka. Hiyo tunakataa: mwenye gari alipe. Na sisi tukiona waya, tushuke. Kukosa siku moja ya kazi ni afazali kuliko kuacha wajane.