Bykle: Watu wachache, mto mkubwa na haki ya fungu

KATIKA ramani ya Norway, manispaa ya Bykle si mahali pa kumshughulisha mtu wa mjini. Iko juu kabisa katika bonde la Setesdal, mkoani Agder, kusini mwa nchi hiyo. Huko ndiko unakoanzia mto Otra, kabla ya kuteremka kilomita zipatazo 245 hadi mji wa Kristiansand ulio pwani.

Eneo la Bykle ni kilomita za mraba 1,467, ukubwa unaoupita kidogo mkoa wa Dar es Salaam. Lakini wakati Dar es Salaam ilihesabiwa kuwa na watu 5,383,728 katika sensa ya mwaka 2022, Bykle ina wakazi takriban 1,000 tu. Kwa wastani, hata mtu mmoja hapatikani katika kila kilomita ya mraba.

Kwa hesabu za kawaida, manispaa ya namna hiyo ingekuwa imekwisha kufa. Ardhi ya kilimo ni haba, majira ya baridi ni marefu, na hadi mwishoni mwa karne ya 19 njia ya kuingia huko kutoka kusini ilikuwa ujia mwembamba uliopita ukingoni mwa genge, maarufu kwa jina la Byklestigen. Katika karne hiyo watu wengi wa mabonde ya Norway walihamia Marekani kutafuta maisha.

Hata hivyo, Bykle haikufa. Ilijitenga na jirani yake Valle mwaka 1902 ikawa manispaa kamili, na hadi leo ina baraza lake linalochaguliwa kila baada ya miaka minne. Baraza hilo ndilo linalosimamia shule za msingi, chekechea, daktari, zimamoto na matunzo ya wazee. Serikali kuu ilipoanza mwaka 2014 kuzishawishi manispaa ndogo ziungane, idadi yake nchini ilishuka kutoka 428 hadi 356 kufikia Januari 2020. Bykle ilibaki peke yake, kama walivyobaki majirani zake Valle na Bygland.

Siri ya uhai huo haiko katika idadi ya watu. Iko katika maji, na zaidi ya maji, iko katika sheria.

Norway hupata karibu asilimia 90 ya umeme wake kutokana na nguvu ya maji. Milima ya Bykle ni sehemu ya chanzo cha nguvu hiyo. Ziwa Vatnedalsvatn liligeuzwa kuwa bwawa la kuhifadhi maji. Upande wa magharibi, katika mpaka na mkoa wa Rogaland, lipo bwawa la Blåsjø, lililojengwa katika miaka ya 1980. Likijaa, hubeba maji yanayoweza kuzalisha umeme wa kiasi cha yuniti bilioni 7.8, na hakuna bwawa jingine nchini humo lenye akiba kubwa kama hiyo.

Maji ya Blåsjø hufua umeme katika mitambo iliyo nje ya Bykle, upande wa Rogaland. Kwa mantiki ya nchi nyingi, faida ingebaki kule ziliko mashine, au ingekwenda moja kwa moja makao makuu ya nchi. Sheria ya Norway inasema vingine. Inalitambua eneo lililotoa maji na ardhi iliyozamishwa, si lile lenye mashine peke yake.

Msingi wa sheria hizo uliwekwa mwanzoni mwa karne ya 20, na ile ya kudhibiti mito ilipitishwa mwaka 1917. Wakati huo wenye mitaji, wengi wao wa kigeni, walikuwa wakikimbilia kununua maporomoko ya maji kwa wakulima waliokuwa hawajui thamani yake. Bunge likaamua kwamba anayetaka kuutumia mto lazima apate kibali cha dola, na kibali kiambatane na wajibu kwa wenyeji.

Wajibu wa kwanza ni tozo ya kila mwaka. Wa pili ni umeme wa kibali: mwenye mtambo anaweza kutakiwa kuziuzia manispaa husika hadi asilimia 10 ya umeme kwa bei inayokaribia gharama ya kuuzalisha. Kuna pia kodi ya majengo na mitambo, pamoja na kodi ya maliasili iliyoanza mwaka 1997, ambayo huipa manispaa øre 1.1 kwa kila yuniti, yaani zaidi kidogo ya sehemu moja ya mia ya krone.

Kiasi hicho chaweza kuonekana kidogo. Lakini haba na haba hujaza kibaba, na yuniti zinapohesabiwa kwa mamilioni huku wenye kugawana wakiwa watu 1,000, kibaba hujaa upesi. Ndiyo maana Bykle imo katika manispaa za Norway zenye mapato makubwa kwa kila mkazi. Fedha hizo zimeiwezesha kutoa huduma ambazo kodi ya wakazi wachache isingeweza kuzilipia.

Hapo ndipo mgogoro unapoanzia. Miji nayo ina hoja, na si hoja ya kubezwa. Wapo wanaouliza kwa nini mtoto wa kitongoji maskini cha Oslo asome katika darasa lililojaa, wakati mwenzake wa milimani anafaidi matunda ya mvua ambayo hakuna binadamu aliyeinyesha. Maji, kwa maoni yao, ni ya taifa zima.

Hoja hiyo ilipata nguvu mwaka 2019, pale kamati ya wataalamu wa kodi ilipopendekeza umeme wa kibali pamoja na tozo ya kibali vifutwe. Manispaa za mabonde, ambazo tangu mwaka 1977 zina umoja wao, zilikuja juu. Katika muda mfupi serikali ikatangaza kwamba haitayafuata mapendekezo hayo.

Mwaka 2022 mambo yaliwaka tena. Bei ya umeme kusini mwa Norway ilipanda hadi wastani wa zaidi ya krone 2 kwa yuniti katika soko la jumla, kutokana na msukosuko wa nishati barani Ulaya. Manispaa iliyokuwa ikipata umeme wa kibali kwa bei ya chini, na haikuwa imekwisha kuuza kwa mkataba wa bei ya zamani, ilijikuta imekalia faida kubwa. Mwaka huo huo, kamati iliyopitia mfumo wa mapato ya manispaa ilishauri sehemu ya mapato ya umeme iingizwe katika mgawanyo wa kitaifa.

Jibu la watu wa milimani ni kwamba fungu lao si zawadi, bali ni fidia. Mabonde yamezamishwa na mito imepunguzwa maji. Hata kulungu-pori wa nchi za baridi, ambao milima hiyo ni makazi yao ya kusini kabisa barani Ulaya, wamekatiwa njia na mabwawa, barabara na nyumba za mapumziko. Tathmini ya kitaifa ya mwaka 2022 iliiweka hali yao katika milima ya Setesdal Ryfylke kwenye daraja la chini. Hasara hiyo haikulipwa siku moja ikaisha. Inaendelea kila mwaka, na kwa hiyo malipo nayo, wanasema, yaendelee kila mwaka.

Lakini fedha pekee haziokoi manispaa. Mwaka 2007 manispaa kadhaa za Norway, zikiwamo Rana, Hemnes na Hattfjelldal, zilikopa kwa kuweka rehani mapato yao ya umeme ya miaka ijayo, zikanunua hati za uwekezaji za Marekani kupitia kampuni ya Terra Securities. Soko lilipoporomoka zilipata hasara kubwa, na kampuni hiyo ikafilisika mwaka huo huo. Mali bila daftari huisha bila habari.

Bykle ina mtihani wa aina nyingine. Kijiji chake cha Hovden kimekuwa kituo cha michezo ya theluji, na nyumba za mapumziko sasa ni nyingi kuliko kaya za kudumu. Wakati wa Pasaka wageni huwazidi wenyeji mara kadhaa. Manispaa hulazimika kuwa na maji, daktari na zimamoto wa kuwatosha wote, ilhali wageni hao hulipa kodi ya mapato na kupiga kura huko walikotoka. Bila fungu la mto, mzigo huo ungeelemea mabega ya watu 1,000.

Kwa hiyo fedha za maji hazijaijaza Bykle watu, na huenda hazitaijaza kamwe. Zilichofanya ni kuwapa waliopo uwezo wa kuchagua kubaki. Jambo hilo si dogo kwa bonde ambalo lingeweza kugeuka tangi la maji la miji lisilo na mtu.

Kwa Tanzania, habari hii si ya mbali kama inavyodhaniwa. Norway ilikuwa miongoni mwa wafadhili wa kituo kipya cha umeme cha Pangani kilichokamilika mwaka 1995, na baadaye kile cha Kihansi. Fedha na utaalamu vilisafiri. Kilicho kigumu kusafirisha ni kanuni iliyowekwa kule zaidi ya miaka 100 iliyopita, kabla mabwawa makubwa hayajajengwa: kwamba kijiji kilichotoa mto kihesabiwe kuwa mbia mwenye haki, si jirani anayesubiri hisani. Kila linapojengwa bwawa jipya, swali la nani anapata nini hujibiwa vizuri zaidi kabla maji hayajaanza kupanda.