Kabla ya Julai, ipime bunduki yako kama unavyopima pampu ya dawa



Mahindi yameanza kukauka, na wenye mashamba yanayopakana na misitu mnajua maana yake. Usiku nguruwe pori, mchana nyani. Tarehe 1 Julai msimu wa uwindaji unafunguliwa, na kama kawaida ya kipindi hiki, vijana wenye bunduki za leseni wananiuliza swali moja: "Afisa, shotigani yangu ni ya mtutu wenye mifereji. Ninunue risasi gani ya donge ili nisikose?"

Jibu langu ni lile lile la kila mwaka. Usahihi haununuliwi dukani. Mtu ambaye hajaipima bunduki yake kwenye karatasi, kwa risasi ile ile atakayoitumia na kwa umbali ule ule atakaopigia, hana haki ya kumlenga mnyama. Hata kama leseni ya bunduki anayo na kibali cha kuwinda amelipia.

Najua "hana haki" ni neno zito. Ngoja nieleze.

Pampu tunaipima, bunduki je?

Wengi wenu mmeshapita kwenye mashamba darasa. Kabla ya kupiga dawa ya viwavi tunajaza pampu maji matupu, tunatembea hatua zetu, tunapima imetoka lita ngapi. Hakuna anayebisha, maana anajua dawa ikizidi inaunguza na ikipungua mdudu haufi wote. Mashine ya kupandia ni hivyo hivyo, unaijaribu kwanza uone inadondosha punje ngapi kwa mita.

Sasa bunduki, ambayo ikikosea inaua mtu, tunaitoa kabatini jioni ya kwanza ya msimu, tunapuliza vumbi, tunaingia nayo shambani. Hapo ndipo nisipoelewa.

Donge la geji 12 la kawaida lina uzito wa gramu 28 hivi na linatoka mtutuni kwa kasi inayozidi mita 400 kwa sekunde. Likimkosa nguruwe halisimami pale. Linaendelea mamia ya mita, na Julai mashamba ya jirani yamejaa vibarua wanaovuna, wamejificha ndani ya mahindi yaliyo marefu kuliko wao. Likimpata nguruwe tumboni badala ya kifuani, umejitengenezea shida nyingine. Nguruwe pori aliyejeruhiwa hakimbilii mbali. Analala kwenye kichaka, na atakayemkuta kesho asubuhi ni mama anayetafuta kuni. Kwenye kata niliyofanya kazi zamani, kibarua alichanwa paja namna hiyo, na aliyempiga yule nguruwe alikuwa nyumbani amelala.

Ujue kwanza mtutu wako

Vijana wengi wanaambiwa mtutu wenye mifereji "unalenga wenyewe". Si kweli.

Shotigani ya kawaida ina mtutu laini ndani kwa sababu ilitengenezwa kwa marisau, zile goroli ndogo za kupigia ndege. Donge moja likipita kwenye mtutu laini halizungushwi. Ndiyo maana kuna madonge yaliyobuniwa yanyooke bila kuzunguka: lile la Wilhelm Brenneke wa Ujerumani la mwaka 1898, na lile la Karl Foster wa Marekani la mwaka 1931, ambalo ni zito mbele na lina uwazi nyuma. Linaruka kama mpira wa vinyoya vya kuku, kichwa mbele. Ile mistari ya pembeni unayoiona juu ya donge kazi yake kubwa ni kulisaidia kupita mahali mtutu unapobana mdomoni. Hailigeuzi kuwa risasi ya raifo.

Mtutu wenye mifereji ulikuja kupata umaarufu kwenye majimbo ya kilimo ya Marekani kama Ohio, Iowa na Illinois. Kule ardhi ni tambarare, nyumba na mashamba ya mahindi na soya vimechanganyikana, na kwa miaka mingi mwindaji wa kulungu wakati wa msimu wa bunduki alizuiwa kutumia raifo kwa sababu risasi yake inakwenda mbali mno. Walibaki na shotigani, wakatafuta namna ya kuifanya ipige sawasawa. Ohio ililegeza sheria hiyo mwaka 2014 na Iowa mwaka 2017, zikaruhusu aina fulani za raifo, lakini ujuzi wa shotigani ya mifereji ulishakomaa. Hali yao inafanana na yetu: watu wengi, mazao marefu, mnyama anayekula shamba. Yapo mambo matatu ya kuchukua kwao.

Kwanza, mtutu wenye mifereji unataka donge lililovikwa ganda la plastiki, wanaloliita saboti. Plastiki inashika mifereji, donge linazunguka, ganda linaachia likishatoka nje. Donge tupu la aina ya Foster utaweza kulipiga humo, ila madini ya risasi yanabaki kwenye mifereji, na kadiri unavyopiga ndivyo usahihi unavyoshuka mpaka usafishe.

Pili, kinyume chake pia ni kweli. Risasi ya saboti kwenye mtutu laini ni hela umetupa. Hakuna kinachoizungusha.

Tatu, na hili wauzaji hawalisemi: mtutu wenye mifereji unaharibu marisau. Mifereji inayazungusha, yanatawanyika na kuacha tundu katikati. Kama shida yako kubwa ni ndege, mtutu wa mifereji haukufai.

Namna ya kupima

Anza na ruhusa. Uliza polisi wilayani kwako ni wapi panaruhusiwa kujaribu silaha. Usijaribu nyuma ya nyumba. Mbele yako pawe na kingo nene ya udongo, na mwenzako mmoja asimame nyuma yako kuangalia watu. Masikio yazibwe.

Kabla ya risasi ya kwanza, safisha mtutu mpaka kitambaa kitoke cheupe. Kaza skrubu zote. Donge lina teke kubwa, na teke linalegeza vishikio vya darubini bila wewe kujua. Kama ni bunduki ya kuvuta mkono, kagua nati inayoshika mtutu, kwa sababu mtutu unaochezacheza pale unapoungana na mwili wa bunduki hauwezi kurudia shabaha. Kama una ile shanga moja tu mbele, fikiria kuweka shabaha za mbele na nyuma au darubini. Shanga inatosha kwa ndege, kwa donge haitoshi.

Kaa chini, weka bunduki juu ya mifuko ya mchanga, mmoja chini ya mbao ya mbele na mwingine chini ya kitako. Mtutu wenyewe usiguse mfuko. Anza na mita 25 ili uhakikishe unapata karatasi, kisha sogea mita 50.

Piga tatu, ukiuacha mtutu upoe kati ya risasi na risasi. Usirekebishe kitu baada ya risasi moja. Risasi moja haikwambii chochote, zinazosema ni tatu kwa pamoja.

Zikikaa pamoja lakini pembeni, bunduki ni nzima, rekebisha shabaha. Shabaha ya nyuma inasogezwa upande unaotaka risasi iende. Darubini nyingi husogeza kiasi cha milimita 7 kwa kila mlio kwa umbali wa mita 100 hivi, kwa hiyo kwa mita 50 ni nusu yake, utahitaji milio maradufu. Zikitawanyika ovyo, usiguse shabaha. Rudi kwenye skrubu, rudi kwenye kusafisha, halafu jaribu aina nyingine ya risasi. Bunduki mbili za kampuni moja, zilizonunuliwa siku moja, zinaweza kupenda risasi tofauti. Ndiyo sababu siwezi kukutajia jina la risasi hata ukinipigia simu mara kumi.

Zikiendelea kutawanyika, kagua bega lako. Wengi tunalikwepa teke kabla halijaja. Mwambie mwenzako akupakilie bila wewe kuona, mara risasi, mara ganda tupu. Ukiona mtutu unashtuka kwenye ganda tupu, tatizo si bunduki.

Kisosi ndiyo mwamuzi

Sasa kipimo ninachokisimamia. Chukua kisosi cha chai, kizungushie kalamu kwenye karatasi. Hapo ni sentimita 15 hivi, ukubwa wa sehemu ya kifua ambayo ukiipata nguruwe anaanguka. Acha mifuko ya mchanga. Piga goti, au egemea mti kama utakavyofanya kweli. Umbali wa mwisho ambao risasi zako zote tatu zinakaa ndani ya kisosi, huo ndio umbali wako. Kama ni mita 40, basi ni 40. Mnyama akiwa mita 60, mwache aende.

Na usijipe moyo kwamba "nikilenga juu kidogo itafika". Donge ni zito na pana, linashuka upesi. Bunduki iliyonyooshwa kwa mita 50 inaweza kupiga chini kwa upana wa kiganja au zaidi ukifika mita 100. Hilo nalo linaonekana kwenye karatasi tu.

Wanaonibishia

Kuna wanaosema risasi ni ghali, hawawezi kuzichoma kwenye karatasi. Ndugu yangu, risasi kumi za kupimia ni gharama, sikatai. Iweke kwenye hesabu za msimu kama unavyoweka mbegu na mbolea. Kama bajeti yako haina risasi za kupimia, basi haina bunduki. Hela hiyo weka kwenye uzio na mlinzi mwenye tochi na debe la kupiga kelele. Kwa mashamba mengi ninayoyatembelea, hivyo vinaokoa magunia kuliko shotigani.

Wengine wanasema wazee walitumia gobore na hawakupima. Waliipima sana. Mzee wa gobore alijua baruti yake kwa kipimo cha kifuniko, na alisogea karibu mpaka asikie mnyama anapumua. Sisi tumenunua darubini, tukaacha kusogea.

Na wapo wanaosema shamba ni langu, nguruwe kanikuta kwangu. Hapa tuelewane. Mnyamapori ni mali ya umma hata akiwa amesimama katikati ya mahindi yako. Leseni ya bunduki, chini ya sheria ya silaha ya mwaka 2015, ni jambo moja. Ruhusa ya kuwinda, chini ya sheria ya wanyamapori ya mwaka 2009, ni jambo jingine. Wanyama wakivamia, mpe taarifa bwana nyama wa wilaya na serikali ya kijiji. Yeye ndiye atakayekuambia ni mnyama gani anaruhusiwa, kwa silaha gani na wapi. Usidhani, uliza.

Tunajiita wakulima wa kibiashara. Biashara ni kupima: udongo tunaupima, unyevu wa punje tunaupima kabla ya kuingiza ghalani. Kifaa ambacho kosa lake halirekebishwi na msimu ujao ndicho cha kupimwa kwanza.

Julai haiko mbali. Chukueni kisosi jikoni, lakini mwombeni mama mwenye nyumba kwanza. Aliye na swali anikute ofisini kwenye kata, siku za mnada nipo mpaka jioni.