Jina moja, kadi mbili

Mwenzetu mmoja wa mwaka wa pili aliweka akiba muhula mzima ili anunue kadi ya grafiki, kile kifaa kinachochora picha za mchezo kwenye skrini ya kompyuta. Alikuwa ametazama video ya kijana anayecheza mpira wa miguu kwa kadi iitwayo GT 1030, na mchezo ulikwenda bila kukwama. Akashuka mjini, akaomba GT 1030, akapewa GT 1030 ya gigabaiti 2, ndani ya boksi lake. Jioni alipoifunga, wachezaji walitembea uwanjani kama watu wenye usingizi. Aliporudi dukani, muuzaji alimwonyesha jina kwenye boksi: uliomba hii, na ndiyo niliyokupa.

Muuzaji hakusema uongo, na hapo ndipo penye shida. Ndiyo sababu nalileta jambo hili katika jarida la kitivo cha lugha, badala ya kuwaachia wenzetu wa informatiki. Mwenzetu hakupoteza pesa yake kwa kutojua umeme. Aliipoteza kwa kuliamini jina.

Kampuni ya NVIDIA ilitoa GT 1030 mwaka 2017 ikiwa na memori ya aina ya GDDR5. Mwaka 2018 ikatokea GT 1030 nyingine yenye memori ya DDR4. Jina halikubadilika, na gigabaiti ni zilezile 2. Lakini memori ya ile ya kwanza hupitisha gigabaiti 48 kwa sekunde, na ya pili hupitisha 16.8, yaani karibu theluthi moja tu. Fikiria mapipa mawili ya maji yenye ujazo sawa, moja lina bomba pana na jingine lina bomba jembamba. Kadi ya grafiki huchora picha makumi kwa kila sekunde, na kwa kila picha inabidi ichote memorini. Bomba likiwa jembamba, ukubwa wa pipa hausaidii kitu.

Katika semantiki tunajifunza kwamba umbo moja la neno linaweza kubeba maana zisizohusiana. Tukisikia « kaa », tunangoja maneno yanayofuata: kaa la moto, kaa wa baharini, kaa hapa. Muktadha ndio unaotuokoa. Dukani muktadha umefungwa ndani ya boksi, na mnunuzi amebaki na umbo la neno peke yake. Tena Saussure alitufundisha kwamba sauti ya neno na dhana yake hazifungwi na maumbile bali na makubaliano ya jamii. Hapa makubaliano yamebadilishwa na upande mmoja, bila kumwambia mwingine.

Wala si kisa kimoja. Mwaka 2016 GTX 1060 iliuzwa kwa gigabaiti 6 na kwa gigabaiti 3. Mnunuzi alidhani tofauti ni memori tu, kumbe hata vipashio vya kukokotoa vilipunguzwa, kutoka 1280 hadi 1152. RTX 3050 ya mwaka 2022 ina gigabaiti 8 na vipashio 2560. Ile ya mwaka 2024 ina gigabaiti 6 na vipashio 2304, na njia yake ya memori ni nyembamba zaidi. AMD nayo ilitoa RX 580 yenye vipashio 2304, kisha ikaonekana sokoni nyingine iitwayo RX 580 2048SP, ambayo kwa vipashio vyake ni sawa na RX 570. Herufi na tarakimu sita za mwisho zinasema ukweli wote, lakini ni nani huzitamka anapouza?

Kwa hiyo maoni yangu ni haya: mwanafunzi mwenye pesa kidogo asinunue jina, na asinunue gigabaiti. Asome maandishi madogo kama tunavyosoma matini darasani, akitafuta mambo matatu.

La kwanza ni aina ya memori. GT 1030 ya DDR4 haifai kwa michezo hata ikiuzwa nusu ya bei ya mwenzake. GTX 1650 nayo ina sura mbili: ya mwaka 2019 yenye GDDR5, na ya mwaka 2020 yenye GDDR6. Hapa zote mbili zinafaa, ila ya pili ni bora, maana memori yake hupitisha gigabaiti 192 kwa sekunde dhidi ya 128. Bei zikikaribiana, chukua ya GDDR6.

La pili ni umeme, na hapa sisi hatufanani na vijana wa kwenye video. Wengi wetu tunaanza na kompyuta ya ofisi ya okazi, iliyotoka Ulaya ikiwa imetumika. Kile kisanduku tunachokiita alimentation ndani ya kompyuta hizo mara nyingi hutoa wati 240 hadi 300 kwa mashine nzima, na hakina waya wa ziada wa kulisha kadi. Soketi ya kadi kwenye carte mère yenyewe hutoa hadi wati 75. Kwa hiyo kadi inayoishi ndani ya wati hizo 75 ndiyo inayotufaa. GTX 1050 Ti imo, na GTX 1650 imo, ingawa baadhi ya matoleo ya 1650 yana tundu la waya wa ziada, basi litazame kabla ya kulipa. RTX 3050 ya gigabaiti 6, ambayo nimetoka kuilaumu kwa jina lake, hutumia wati 70, nayo ni nzuri kwa mwenye uwezo. Pima pia urefu wa boksi lako: kompyuta nyembamba za ofisi hupokea kadi fupi tu.

Najua nitajibiwa kwamba RX 570 ya okazi huishinda GTX 1650 ya GDDR5 katika michezo mingi, tena kwa bei ndogo. Ni kweli. Lakini RX 570 hula wati 150, na RX 580 wati 185. Anayeichagua anunue pia alimentation mpya iliyo nzuri, na hesabu yake ya urahisi inaanza kuvunjika. Mahali ambapo umeme hukatika, na jioni nyumba nzima inategemea betri ya paneli za jua au jenereta ya jirani, kila wati ina bei yake. Mwenye umeme wa uhakika na alimentation imara aichukue RX 570 bila kunisikiliza. Sisi wengine tuikubali kasi ndogo kidogo, ili kompyuta iwake.

La tatu ni umri wa kompyuta itakayoipokea kadi. RX 6500 XT ya mwaka 2022 inaonekana mpya na ya kuvutia, lakini huzungumza na kompyuta kupitia njia 4 tu za PCIe. Kwenye ubao wa kizazi cha nne haina neno. Kwenye ubao wa kizazi cha tatu, kama zile nyingi za ofisi, hupungua kasi, hasa gigabaiti zake 4 zinapojaa. Umri wa kadi nao uhesabiwe: mwaka 2025 NVIDIA ilitangaza kwamba kizazi cha GTX 1050 Ti na GTX 1060 hakitapata tena programu mpya za kuendesha michezo, isipokuwa za usalama. GTX 1650 bado imo. Ndiyo maana, kati ya kadi hizi za bei ya chini, mimi naiweka mbele.

Bado kuna uongo wa kweli. Zipo kadi za zamani ambazo programu yake ya ndani imebadilishwa ili zijitambulishe kwa kompyuta kama GTX 1050 Ti. Hapo hata mashine inadanganywa na jina. Programu ya bure ya GPU-Z hutambua nyingi kati ya hizo na kuziandika kuwa bandia. Nenda nayo kwenye ufunguo wa USB, na uombe kadi ifungwe mbele yako kabla ya kutoa pesa. Kadi ya okazi iache icheze nusu saa, usikilize feni zake. Baada ya Ethereum kuacha uchimbaji kwa kadi za grafiki tarehe 15 Septemba 2022, kadi nyingi zilizofanya kazi mchana na usiku ziliingia sokoni. Si zote mbovu, ila muuzaji anayekataa zijaribiwe amekwisha kukujibu.

Baadhi ya walimu wetu watasema michezo ni kupoteza muda. Huenda. Lakini pesa iliyopotea kwa jina lililosomwa vibaya ni ileile ambayo ingelipa nakala za masomo, na anayedanganyika kwa boksi la kadi leo atadanganyika kwa mkataba kesho.

Napendekeza kazi ndogo kwa kitivo chetu. Somo la leksikografia litoe ukurasa mmoja wa Kiswahili, cha kwetu kabisa, unaoeleza maneno yaliyo kwenye maboksi haya: GDDR5 ni nini, wati 75 ni nini, SP ni nini. Dukani leo bidhaa ina jina la Kiingereza, muuzaji anaieleza kwa Kifaransa, na mnunuzi anafikiri kwa Kiswahili. Katikati ya lugha hizo tatu ndipo mwenzetu alipouziwa mbuzi kwenye gunia. Kufungua gunia hilo ni kazi yetu, kwa sababu ndani yake mna maneno.