Nauli ya maganda: Suez na korosho za Mtwara

Mkulima anayepeleka korosho zake chama cha msingi, Mikindani, anaweza kudhani Mfereji wa Suez haumhusu. Unamhusu sana.

Mwishoni mwa 2023 Wahouthi wa Yemen walianza kushambulia meli katika Bahari ya Shamu. Kampuni kubwa zikaukimbia mfereji huo, uliokuwa ukipitisha takriban asilimia 12 ya biashara ya dunia, zikazunguka Rasi ya Tumaini Jema. Safari kati ya Asia na Ulaya ikarefuka kwa siku 10 au zaidi, nauli zikapanda, makontena matupu yakachelewa kurudi. Mapato ya Misri yatokanayo na mfereji yakaporomoka kutoka zaidi ya dola bilioni 10 mwaka 2023 hadi karibu bilioni 4 mwaka 2024.

Pwani hii inaijua nguvu ya Suez tangu zamani. Mfereji ulifunguliwa 1869; mwaka 1872 stima za kampuni ya British India zikaanza safari za Unguja, na 1890 zikafuata za Wajerumani kutoka Hamburg. Kufikia 1895 boma la Kijerumani lilikuwa limesimama Mikindani. Bidhaa na utawala vilipita njia moja.

Leo korosho ghafi hupakiwa Mtwara kwenda India na Vietnam. Huko hubanguliwa, kisha nyingine husafirishwa tena hadi Ulaya, safari inayotegemea Suez. Mnunuzi anapotaja bei mnadani, amekwisha kupiga hesabu ya nauli. Bei zilizovuka shilingi 4,000 kwa kilo katika minada ya Oktoba 2024 zisimlevye mtu: soko la dunia likishuka, nauli haitashuka kwa kumhurumia mkulima.

Tena kiini cha ndani ni kama robo tu ya uzito wa korosho ghafi. Nchi inayouza ghafi inalipia safari ya maganda.

Tanzania ilishajenga viwanda vikubwa 12 vya kubangua, vingi vikafa. Kosa hilo lisirudiwe. Serikali ihakikishe kongani ya viwanda vya korosho iliyopangwa Maranje, mkoani Mtwara, inafanya kazi, na wabanguaji wa ndani wapewe nafasi ya kununua kabla ya wasafirishaji. Bodi ya Korosho nayo itangaze nauli za meli kabla ya kila mnada, ili mkulima ajue anakatwa kiasi gani na kwa sababu gani.