Pima Mwanga Usoni

Mwezi huu naomba niweke kando habari za chanjo na lishe, nizungumze nanyi juu ya kamera. Msishangae. Nyumbani kwangu, ndani ya kasha la bati, nimehifadhi picha ya mama yangu ambayo haionyeshi uso wake. Niliipiga mimi mwenyewe, na kosa lilikuwa langu.

Ilikuwa mwaka 2006. Nilikuwa nimemaliza stashahada ya uuguzi miaka michache tu nyuma, na marehemu baba alikuwa ameniachia kamera yake ya filamu, Pentax K1000. Jumapili hiyo mama alivaa gauni jeupe na kilemba cheupe vya umoja wa akina mama, akasimama kwenye mlango wa kanisa. Mimi nilikuwa ndani, yeye yuko kizingitini, na nyuma yake uwanja mzima unawaka jua la mchana. Nilichungulia, nikaona mshale wa kipima mwanga umetulia katikati. Nikabonyeza, nikajiona fundi.

Picha ziliporudi kutoka studio, uwanja ulikuwa umetoka vizuri, hata mwembe na baiskeli zilizoegeshwa chini yake. Mama alikuwa kivuli cheusi chenye kilemba. Nilirudi kumlaumu aliyesafisha picha. Akaichukua negativu, akaielekeza dirishani, akanionyesha mahali pa uso. Palikuwa patupu, mwanga unapita kama kwenye kioo. Akasema, “Dada, siwezi kusafisha kitu ambacho hakikuingia.”

Miezi mitatu baadaye mama alifariki. Hatukuwa na picha yake nyingine ya mwaka ule.

Sasa, mama yangu mdogo ametimiza miaka 80. Ndiye pekee aliyebaki katika tumbo lile, na amefanana sana na dada yake. Binti yangu wa miaka 17 aliikuta kamera kabatini akaniambia, “Mama, siku ya sherehe nitampiga bibi kwa kamera ya babu.” Moyo ulinishtuka. Nilimwambia, “Sawa mwanangu, lakini kwanza ukae nikufundishe.” Haya ndiyo niliyomfundisha.

Mwanga ni kama dripu

Filamu inahitaji kiasi fulani cha mwanga. Kiasi hicho kinaongozwa na vitu viwili: ukubwa wa tundu la lenzi, na muda ambao shata, yaani kile kipazia cha ndani, inakaa wazi.

Kwenye lenzi utaona namba 2, 2.8, 4, 5.6, 8, 11, 16. Hizo ni za tundu, nazo zinakwenda kinyume: namba ndogo ni tundu kubwa. Kila ukipanda hatua moja, mwanga unapungua kwa nusu. Juu ya kamera kuna kitufe cha kuzungusha chenye namba 30, 60, 125, 250, 500, 1000. Hiyo ni kasi. Namba 125 maana yake shata inafunguka kwa sehemu moja ya 125 ya sekunde. Hapo pia kila hatua ya kupanda inapunguza mwanga kwa nusu.

Sisi wauguzi hesabu hii tunaijua. Lita moja ya dripu inaweza kuingia kwa saa 8, au kwa saa 4 kama matone yanakwenda maradufu. Kiasi ni kilekile, ila mgonjwa haipokei kwa namna ileile. Hata kwenye kamera, tundu 8 kwa kasi 125 linaingiza mwanga sawa na tundu 5.6 kwa kasi 250, au tundu 11 kwa kasi 60. Lakini picha hazitafanana, na hapo ndipo unapochagua:

1. Unapiga kwaya iliyopanga mistari mitatu? Tumia tundu dogo, 8 au 11, ili wa mbele na wa nyuma wote waonekane sawasawa.

2. Unapiga mtu mmoja? Tundu kubwa, 2.8 au 4, litamtoa yeye vizuri na kufifisha vitu vilivyo nyuma yake.

3. Watoto wanakimbia? Tumia kasi 250 au 500, la sivyo watatoka kama moshi.

4. Kasi ikishuka chini ya 60, mkono unatikisa picha. Egemeza kamera kwenye meza au ukuta.

Kuna kanuni ya zamani ya jua kali inayofaa hata betri ya kipima mwanga ikiisha, kwa kuwa shata ya kamera hii haitegemei betri. Weka tundu 16, kisha kasi iwe karibu na namba ya filamu yako. Filamu ya 100, kasi 125. Filamu ya 400, kasi 500.

Kipima mwanga hakimjui mama yako

Kosa langu la mwaka 2006 halikuwa la namba. Mshale ulikuwa katikati kweli. Lakini kipima mwanga hakijui nani ni mama na nini ni uwanja. Kinajumlisha vyote kilivyoelekezewa na kutaka vitoke na wastani wa rangi ya majivu. Uwanja uliokuwa ukiwaka ulikizidi nguvu, kikaamua mwanga umetosha.

Mwezi uliopita tulikwenda na binti yangu kwenye mlango uleule, mchana, tukiwa na filamu ya 100. Tulipopima pamoja na uwanja, mshale ulitaka tundu 11 kwa kasi 125. Tulipopima uso peke yake pale kivulini, ulitaka tundu 4. Hesabu mwenyewe: kutoka 11 kwenda 8, kwenda 5.6, kwenda 4 ni hatua tatu, na kila hatua ni mara mbili. Uso wa mama ulipata sehemu moja ya nane ya mwanga uliohitajika. Mgonjwa ukimpa sehemu moja ya nane ya dozi, usije ukailaumu dawa.

Nguo nyeupe nazo hudanganya. Ukipimia kwenye gauni la bibi harusi, kamera itapunguza mwanga ili ule weupe uwe majivu, na uso wake utazama gizani.

Basi fanya hivi. Msogelee mtu mpaka uso wake ujae kwenye kamera, upime hapo, uweke tundu na kasi. Kisha rudi nyuma upige bila kubadilisha kitu, hata mshale ukikupigia kelele. Kama huwezi kumsogelea, pima kwenye kiganja chako kikiwa katika mwanga uleule alionao yeye, halafu fungua tundu hatua moja zaidi, kwa sababu kiganja ni cheupe kuliko majivu. Ukiwa na shaka, ongeza mwanga hatua moja. Filamu ya negativu huvumilia mwanga uliozidi kidogo kuliko uliopungua. Na wewe unayetumia simu, gusa uso kwenye kioo kabla ya kupiga. Simu nyingi zitapimia hapo.

Siku ya sherehe binti yangu alimwendea bibi yake pale mlangoni. “Shikamoo bibi.” “Marahaba mjukuu wangu. Mbona unanisogelea hivyo, unanipima macho?” Watu wakacheka. Mtoto akapima, akarudi nyuma hatua sita, akapiga.

Studio zinazosafisha filamu zimebaki chache, kwa hiyo tulisubiri wiki tatu. Picha ilipokuja, uwanja ulikuwa umeungua, mweupe mtupu, mwembe hauonekani. Lakini uso ulikuwepo wote: makunyanzi, pengo la jino, na lile paji la uso ambalo nililikosa miaka mingi. Mama mdogo aliishika picha kwa mikono miwili, akaikazia macho, akasema taratibu, “Huyu ni dada.”

Nimeiweka ndani ya kasha la bati, pamoja na ile ya 2006. Binti yangu aliuliza kama tuitupe ile nyeusi. Nimekataa. Kilemba kile nakijua.

Tukutane mwezi ujao.